Kikaratasi cha Mlango wa 301

Jumatatu, 9 Februari

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Kile kikaratasi kilichobandikwa mlangoni kwetu leo asubuhi nilikiandika mimi.

Sababu ni koti. Nina koti moja tu la baridi, refu, jeusi, na linaning'inia karibu na jiko kwa kuwa ndipo penye msumari. Kila asubuhi Baba akitoka zamu hukaanga samaki wakavu wa chumvi anaowanunua kwenye duka la Wafilipino wenzetu, akawala kwa siki na wali wa vitunguu saumu, huku amefumba macho. Harufu inaingia kwenye koti na kukaa humo kama mpangaji. Ijumaa, siku ya mahafali, tulipojipanga kupiga picha, mwanafunzi mwenzangu Seo-yeon alinusa hewa akauliza nani amekuja na samaki. Nikacheka pamoja na wengine. Nikasogea pembeni, nikasogea tena. Kwenye picha nimetokea bega.

Alhamisi nina usaili kwenye duka la mikate. Nani atanunua mkate kwa binti anayenuka samaki?

Kumwambia Baba siwezi. Wale samaki ndio starehe yake pekee hapa Gimhae, Korea. Heri aambiwe na mtu asiyemjua. Basi nikaandika kwa Kikorea safi: Kwa nyumba ya 301. Harufu ya samaki inafika ngazini. Tafadhali tufikirieni majirani. Nikabandika nje saa kumi na mbili, nikarudi kitandani, nikaamka upya.

Jambo moja sikulifikiria. Kwetu msomaji wa Kikorea ni mimi. Baba ana miaka kumi na mmoja hapa lakini Kikorea chake ni cha kiwandani: anajua majina ya spana zote na maneno ya kugombezwa. Mdogo wangu Nonay anasoma vizuri, ila shule zimefungwa na yeye huamka saa nne. Kwa hiyo niliitwa niwasomee barua yangu mwenyewe. Sauti ilitetemeka. Mama akadhani ni uchungu. Akauliza unaonekana ni mwandiko wa mtu wa namna gani. Nikasema inaonekana ni mtu aliyesoma.

 Baba alifunga samaki kwenye gazeti, akala wali na yai. Akasema yai ni tamu. Tangu nizaliwe sijamsikia akisifu yai.

Hata hivyo, mpango umefaulu.

Jumanne, 10 Februari

Mama hakulala. Amepika tambi sufuria nzima, na karoti, na kamba, kama vile kuna ubatizo. Akasema tunakwenda kuomba radhi kwa majirani wote. Mimi nikatafsiri.

Tulianza ghorofa ya pili kwa Mzee Ma, anayeishi peke yake. Mama akaniambia nimwambie kwamba tunasikitika sana kuhusu samaki. Nikamwambia Mzee Ma kwamba Mama anamtakia heri ya Mwaka Mpya wa Kikorea, ambao ni wiki ijayo. Akainama hadi chini, akashukuru. Mama akauliza amesema nini. Nikasema amesamehe.

Tukashuka kwa Bibi Kwak, mwenye nyumba. Nikamtakia naye heri. Akashika mikono ya Mama, akashukuru. Nikasema huyu pia amesamehe.

Mama alisimama ngazini na sahani tupu. Akauliza kwa upole kama barua ile iliandikwa na watu wawili. Maana kama mmoja tu ndiye aliyeandika, huyu mwingine amesamehe nini?

 Nikasema tambi zimependwa.

Jumatano, 11 Februari

Mambo si mazuri. Mama amehitimisha kwamba jengo zima linatuchukia na linatuvumilia kwa adabu. Mkataba wa nyumba unaisha mwisho wa mwezi huu. Amemwambia Baba tusisubiri kufukuzwa. Kiwandani kuna vyumba vya wafanyakazi wenye familia. Chumba kimoja, jiko la wote, choo ng'ambo ya uwanja. Baba alikuna shingo, akasema labda.

Baba akisema labda, mizigo huwa imeshafungwa nusu.

Hii ndiyo nyumba ya kwanza ambayo nina chumba chenye mlango. Ni kidogo, kitanda kinagusa kuta tatu. Lakini naufunga mlango, nasoma kwa sauti yangu ndogo na hakuna anayeniambia niiongeze. Baba alifanya kazi miaka mitano peke yake hapa ndipo akaweza kutuita, na mingine minne ndipo tukapata mlango huu. Nami nitakuwa nimewapotezea kwa kikaratasi cha rangi ya waridi.

Lazima nirekebishe kabla ya Mwaka Mpya. Bila kukiri, bila shaka.

Alhamisi, 12 Februari

Nilifua koti jana na kulianika juu ya paa. Asubuhi lilikuwa limeganda, limenyoosha mikono pande mbili kama mlinda lango. Halikukunjika hata kuingia mlangoni. Nikaenda kwenye usaili na koti la Mama, linalonuka dawa ya kuchua mgongo.

Mama mwenye duka alisema nisimame nyuma ya kaunta niseme karibuni. Nikasema. Akauliza lini nitaanza kusema. Nikasema tena. Mteja mmoja aliyekuwa karibu akaniambia pole, akidhani nimepoteza sauti kwa mafua. Mwenye duka akasema atanipigia.

Kuhusu harufu hakusema neno. Alinusa tu mara moja, akauliza ni dawa gani hiyo, maana naye mgongo unamsumbua.

Ijumaa, 13 Februari

Mpango wa pili. Nimebandika kikaratasi kingine, kutoka kwa jirani yule yule: Naomba radhi. Nilikuwa na mafua na pua ilinidanganya. Samaki wenu wananukia vizuri. Endeleeni kukaanga.

Niliona nimemaliza. Lakini kati ya siku zote Nonay alichagua leo kuamka saa mbili. Alikibandua, akakisoma, akaja chumbani kwangu bila kubisha. Aliweka kikaratasi kando ya kile kibunda changu cha vikaratasi vya shule. Rangi moja, upana mmoja.

"Dada," akasema. Huniita dada akitaka kitu tu. Alitaka niwe naosha vyombo zamu yake mpaka Pasaka. Nikasema mpaka mwisho wa mwezi. Akaanza kuelekea jikoni kwa Mama, taratibu, akiimba. Nikasema mpaka Pasaka.

Kisha tukampelekea Mama kikaratasi, nikamsomea.  Akasema sasa wanatudhihaki. Akateremsha masanduku kutoka juu ya kabati.

Jumamosi, 14 Februari

Mama amegundua kwamba simu inatafsiri. Hakuniambia. Alishuka peke yake kwa Bibi Kwak, kikaratasi cha kwanza mkono mmoja na simu mkono mwingine, akaiachia simu iombe radhi.

Bibi Kwak alisoma akawa mwekundu. Alisema miaka thelathini hakuna mtu aliyethubutu kubandika kitu kwenye mlango wake bila ruhusa yake. Hata wa umeme hubisha hodi. Akachukua daftari, akapita kila mlango akitaka watu waandike majina yao, ati kwa ajili ya zawadi za Mwaka Mpya.

Mimi niliandika kwa mkono wa kushoto. Aliangalia akatikisa kichwa, akasema kweli shule za siku hizi.

Mzee Ma aliandika vizuri mno, herufi nadhifu kama za kikaratasi. Ujanani alikuwa akichora mabango ya maduka. Maskini hakujua. Bibi Kwak akamshukia pale pale ngazini: "Wewe mzee, miaka tisa unakaa kwangu, kumbe una pua ndefu hivyo?"

Mzee Ma akasema pua yake ilikufa zamani, tangu alipopasuliwa. "Hata gesi ikivuja humu, nitakufa natabasamu."

"Usinichezee. Tambi zao ulikula?"

"Nilikula."

"Ukasifu?"

"Nilisifu."

"Utasifuje chakula usichokinusa?"

 Mzee Ma alivua kofia, akaivaa tena, akasema atatafuta nyumba nyingine.

Mimi nilikuwa nimesimama ngazi chache juu yao na ndoo ya takataka. Sasa nyumba mbili zinahama kwa ajili ya koti langu.

Jumapili, 15 Februari

Misa. Padri alisema kweli humweka mtu huru. Nikaona ananitazama, ingawa ana miwani minene na huenda alikuwa anatazama nguzo.

Tuliporudi nilishuka kwa Bibi Kwak nikiri. Nilikuwa nimeshika maneno yangu kama shairi. Nilimkuta ameketi sakafuni anakata keki ya mchele ya supu ya Mwaka Mpya. Kabla sijafungua mdomo akauliza Baba anaumwa nini. Nikasema haumwi. Akasema mwandishi wa kikaratasi ameshapatikana, mbona hata leo hasikii harufu ya samaki. Yeye huamka kwa harufu ile, saa haangalii. Ikishuka ngazini anajua baba wa watu amefika salama kutoka zamu, naye anaweka maji ya kahawa. Wiki hii yote amechelewa kila kitu.

Nilifungua mdomo nikiri. Likatoka jambo jingine. Nikasema Mama anafunga mizigo kwa sababu anadhani hatutakiwi hapa. Halafu nikalia, jambo ambalo halikuwa kwenye mpango.

Bibi Kwak aliweka kisu chini. Akapanda ngazi zote mbili na viatu vya kuogea, goti lake bovu likilia. Akamwambia Mama, mimi nikitafsiri neno kwa neno kwa mara ya kwanza wiki hii: "Nani kakwambia uhame? Mimi ndiye mwenye nyumba, na mimi sijasema. Yafungue hayo masanduku, yananiziba njia."

Mama akajibu, lakini Jumanne ulitusamehe. Bibi akauliza nimewasamehe nini. Wote wawili wakanigeukia. Nonay aliweka kijiko chini ili asikie vizuri.

Nikasema wazee wa huku husema hivyo wakishukuru.

Jumanne, 17 Februari

Mwaka Mpya. Bibi Kwak alitualika chini kunywa supu. Kabla ya supu alitoa mkataba, miaka miwili mingine. Baba alifuta mikono kwenye suruali mara tatu ndipo akashika kalamu. Aliandika jina lake lote, hata lile la katikati. Mama alitazama pembeni, akasema mvuke wa supu unaumiza macho.

Kisha Bibi akamwuliza Baba samaki wako wapi. Baba alipanda mbio kama kijana. Walikaangwa pale pale jikoni kwake, na Bibi alikula watatu kwa mikono, akasema wana chumvi kama machozi ya baharia, alete wengine.

Mimi nilikula polepole. Kiti cha Mzee Ma kilikuwa kitupu. Wote wamekubaliana kwamba ni yeye aliyeandika, wakaamua kutolizungumza, kwa heshima ya umri wake.

Jumatano, 18 Februari

Jumatano ya Majivu. Hatuli nyama, kwa hiyo Baba alikaanga samaki na hakuna wa kumlaumu. Alifumba macho. Koti liko kwenye msumari wake na limerudia hali yake.

Duka la mikate wamepiga simu. Nimepata kazi, ila nyuma, kwenye unga, kuanzia saa kumi na moja asubuhi. Mwenye duka alisema sauti yangu inafaa unga. Nadhani ni sifa. Aliniomba pia nimletee ile dawa ya mgongo.

Ningekuwa na furaha kamili kama si yale maboksi mlangoni kwa Mzee Ma. Nilipita nikayaona manne, moja limeandikwa Vikombe. Mzee wa watu ana vikombe vya kujaza boksi zima na hana mgeni. Nikajua sasa ni lazima niseme kweli.

Kisha nikafikiri vizuri. Kweli ingemwumiza Mama, ingemwaibisha Baba, na mkataba wino wake haujakauka. Nikaona njia iliyo bora kwa wote. Mwandiko wa Bibi Kwak naufahamu kwenye lile daftari, mkubwa, umeinama kulia. Nikamwandikia Mzee Ma barua kutoka kwake: kwamba alikosea, kwamba miaka tisa hajapata mpangaji mstaarabu kama yeye, na kwamba ngazi zitakuwa baridi akiondoka. Hilo la ngazi lilikuja lenyewe.

Nilimwona akiisoma. Aliketi kwenye ngazi, akaisoma mara ya pili. Akarudisha maboksi ndani, moja moja, lile la vikombe kwanza.

Baadaye akanipa mapeari na bahasha nimpelekee Bibi. Mapeari nimeyafikisha. Nilisema Mzee Ma anaomba radhi. Bibi akasema aa, hatimaye amekiri, akatabasamu peke yake kwa muda mrefu, akanipa bakuli la supu nimpelekee. Sasa kila mmoja anaamini mwenzake ameomba msamaha, na wote wamesamehe. Sijawahi kuona mpango uliotulia namna hii.

Bahasha bado ninayo. Nimeifungua, nisingeweza kuifikisha bila kujua. Anamshukuru kwa barua yake, kisha anauliza kama mwezi wa tatu, maua ya plamu yakichanua, angependa waende pamoja kuyatazama. Nitainakili upya usiku huu kwa mwandiko wa mabango, bila ile sentensi ya kwanza. Ni sentensi moja tu.

Wewe uliyesoma hadi hapa, nakuomba, usimwambie mtu. Hasa ukikutana na Nonay. Vyombo mpaka Pasaka vinanitosha.