Mpiga Teke wa Awino

Al-Naseem, Riyadh
Mei 2016

Kwa Bwana Hashim,
Mwenyekiti wa Ligi ya Kudumu,
Kaunta ya dawa, Al-Rawdah, Jeddah.

Bwana Mwenyekiti ninayekuheshimu, ingawa wiki hii kwa shida,

KUH: AWINO ARUDISHIWE ZAMU YAKE

Natumaini umzima, na mama watoto Ruqayya ni mzima, na presha ya wateja wako imeshuka. Mimi mwili uko sawa. Roho ndiyo imechafuka.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye kundi la WhatsApp ukishindwa na hoja unaweka kidole gumba na kupotea. Barua haina mahali pa kuweka kidole gumba. Nimempa Pius, ambaye anashuka Jeddah leo na lori la kafili wake, yule bosi aliyemdhamini kuingia nchini, na nimemwambia asimame mbele yako mpaka umalize kusoma.

Kwa faida ya wanachama wapya watakaoisoma, nieleze kidogo. Ligi hii niliileta mimi. Niliipata kwa kijana wa bosi wangu, aliyerudi kutoka masomoni Marekani na ugonjwa wa mpira wao, ule wa kofia ngumu, ambao wanauita wa miguu huku wameushika kwa mikono. Kila mmoja wetu ana timu ya kufikirika yenye wachezaji wa kweli. Wakifanya vizuri kule, sisi tunapata pointi huku. Mchezaji uliyemchukua ni wako mwaka baada ya mwaka, mpaka umwachilie mwenyewe. Na kila mwaka vijana wapya wakitoka vyuoni kuingia ligi kubwa, tunawapanga kwa ubora, halafu tunawachagua kwa zamu. Aliyeshika mkia msimu uliopita ndiye huchagua wa kwanza.

Aliyeshika mkia ni Awino, anayefanya kazi ya nyumba huko kwenu Jeddah, Aziziya. Mwenyekiti, katika nyumba ile Awino ni wa mwisho kula, wa mwisho kuketi, na wa mwisho kuulizwa kama kichwa kinamuuma. Ligi yetu ndiyo mahali pekee katika ufalme huu mzima ambapo ukiwa wa mwisho unaulizwa kwanza: Awino, wewe wataka nani? Amengoja swali hilo msimu mzima, akipigwa na kila mtu, hata na Roselyne ambaye huchagua wachezaji kwa rangi ya jezi.

Ijumaa iliyopita hakuulizwa. Na Ijumaa hii umesema unafunga orodha. Ikifungwa ni halas, mpaka mwaka ujao. Ndiyo sababu nalalamika kama ifuatavyo:

1. Siku ya kuchagua, madam wake alikuwa na wageni na simu ya Awino ikafungiwa kabatini. Wewe ukijua hivyo, uliandika kwenye kundi: "Awino: mpiga teke. Zamu imepita. Yalla Japheth, wewe." Roselyne alicheka mpaka akatuma sauti ya kicheko chenyewe. Allan akauliza kama mpiga teke huliwa na wali au na mkate. Wewe ukaweka kidole gumba.

Kwa wasiojua: mpiga teke hukaa kwenye benchi akiwa msafi. Wenzake wakimaliza kuumizana, anaitwa, anapiga mpira teke moja kupitia milingoti miwili, anarudi kuketi. Kumchagua huyo wa kwanza kabisa ni kama kuajiri dereva katika nyumba isiyo na gari. Hakuna mpangilio wowote duniani unaomweka juu. Hata ule wako, ambao sote tunajua unaunakili kwenye mtandao mteja akiwa amekwenda kutafuta cheti cha daktari.

2. Kuhusu mpangilio, Mwenyekiti, wewe unawapanga vijana kwa vipimo. Nimechoka na vipimo. Kila mwaka wale vijana hukusanywa kwenye ukumbi wakiwa na kaptura, wanapimwa urefu, uzito na upana wa kiganja, wanakimbizwa kwa saa, halafu wanaulizwa maswali kuhusu mama zao, na wazee waliokaa wanaandika. Kijana wa bosi aliniambia hiyo ni sayansi kubwa. Nikamwambia, baba, sayansi hiyo mimi nimeifanyiwa Nairobi, River Road, kwa ajenti wa kazi za Uarabuni, ghorofa ya nne bila lifti. Tulipangwa ukutani. Tulipigwa picha kutoka utosini hadi viatuni, tukikatazwa kucheka. Awino aliulizwa kama anaogopa mbwa, kama anaogopa ghorofa, kama ana mchumba na kama huyo mchumba ana wivu. Tofauti nimeona mbili tu. Yule wa Marekani akipimwa kiganja anapigiwa makofi. Na ajenti wake ni wake. Wetu mpaka leo hatujajua ni wa nani.

3. Njia ya kupanga vijana ninayo, na umeikataa bila kuijaribu. Mimi si msomi, niliishia kidato cha pili, lakini nimetembea. Nimeishi Doha. Nimeishi Dubai, ndani ya uwanja wa ndege, siku mbili, lakini Dubai ni Dubai. Chuo kikubwa hakinibabaishi. Nimewaona waliokuja huku na cheti cha hoteli chenye muhuri wa dhahabu, wakaiweka pasi juu ya abaya ya madam mpaka abaya ikatoka na dirisha. Kwa hivyo mimi nauliza: kijana kalelewa na nani? Amewahi kufua nguo zake mwenyewe? Kwenye picha anacheka? Anayecheka sana namshusha nafasi tano, maana mtu anayecheka mbele ya ajenti bado hajaelewa amefika wapi. Ndivyo nilivyompata Dontrell Tibbs, mkimbiaji, mjukuu aliyelelewa na nyanya yake, uso umenuna kama wa afisa wa uhamiaji. Kwa njia hii msimu uliopita nilimaliza wa pili kutoka mwisho, nafasi ambayo wenye pupa hawawezi kuielewa.

Awino ningempangia yeye kwanza kabla yangu. Nilishamwambia amchukue yule mrusha mpira wa Texas. Akasema atafikiria. Sasa amefikiriwa na wewe.

4. Hapa niseme bila kukunja. Umemchagulia mtu mzima akiwa hayupo, ukatangaza, ukasonga mbele. Kuna mtu mwingine huku hutufanyia hivyo, na huyo angalau hutulipia ikama, kibali cha kukaa.

5. Jambo hili limenifikirisha mpaka nimefika mbali. Ikiwa Awino anastahili kuulizwa, basi na wale vijana pia. Mimi nina wachezaji kule Marekani, wengine wana magari marefu kuliko chumba changu cha kando ya geti, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba kafili wake ni dereva wa Al-Naseem. Hii si haki. Nadai ofisi yako imwandikie kila mmoja barua ya Kiingereza, imweleze ni wa nani, siku yake ya mapumziko ni ipi, na kwamba akitaka kuhamia kwa Roselyne hakuna atakayemshikia pasipoti. Akikubali aweke sahihi. Asipojibu, tusiandike kwamba amekubali.

6. Kama hilo ni gumu, basi tuwapange wenyeviti. Tutakuja Jeddah sote. Tutakupima kiganja. Tutakukimbiza kutoka kaunta hadi mlangoni mbele ya wateja, tutakuuliza habari za mama yako, tutakupiga picha nzima usicheke, halafu Awino achague wa kwanza kama anakutaka au hakutaki. Na akikuacha, mimi nitakuchukua katika raundi ya sita, kwa sababu nina huruma.

Ninachoomba ni kidogo. Kabla ya Ijumaa ifungue zamu ya kwanza, mpiga teke arudi sokoni, na Awino aulizwe kwa jina lake kwenye kundi watu wote wakisoma. Hata akikosea. Ajikosee mwenyewe.

Msalimie Ruqayya na umwambie ile achari ya embe aliyonitumia iliisha njiani, kwa Pius. Msalimie Allan, mwambie mpiga teke haliwi. Msalimie Maryann wa hospitalini na wote wa huko chini penye bahari na unyevu. Sisi wa Riyadh tunawasalimu tukiwa wakavu.

Wako kwa heshima, na kwa hasira iliyopigwa pasi,

Japheth
Dereva, Mwanzilishi wa Ligi, Mpangaji wa Vijana wa Vyuo, Riyadh na vitongoji vyake

Nyongeza: Pius alikuwa ameshawasha lori Awino aliponipigia. Simu amerudishiwa. Nimeanza kumsomea barua hii kwa sauti nzuri, nikafika lalamiko la kwanza, akanikata. Anasema si wewe uliyemchagulia. Anasema alikuja dukani kwako na madam wake wiki ile, na madam alipokuwa ananusa krimu, yeye aliegemea kaunta akakuambia: "Nikikosa simu Ijumaa nichukulie mpiga teke, na usiwaambie ni mimi, Japheth atanicheka mpaka Ramadhani iishe." Nawe ukanyamaza, ukala matusi yetu wiki nzima.

Nikamuuliza, Awino, katika vijana wote wa Amerika? Akasema: "Si wewe ulinifundisha hizo kanuni, Japheth? Huyo ndiye wa peke yake uwanjani ambaye akiwa kazini hawaruhusiwi kumgonga. Wakimgonga filimbi inalia, kila mtu anasimama, na waliomgonga wanaadhibiwa mbele ya watu wote. Nilitaka mmoja kama huyo awe wangu."

Kwa hivyo, Bwana Hashim, malalamiko yote sita yamefutwa na salamu zimebaki. Funga orodha yako. Na kama kuna mpiga teke mwingine ambaye hajachukuliwa, mwandike kwa jina langu. Tibbs nitamwachilia.