Namna ya Kumuuzia Profesa Kaka Yangu

Jumatatu, 11 Mei 2026

Kaka Ussi ameitwa kwenye usaili chuo kikuu, Alhamisi. Kazi ya utafiti wa pulsa: nyota zilizokwisha kufa lakini bado zinazunguka, na kila mzunguko zinatupigia redio. Akiikosa, viza inakwisha na anarudi Unguja. Nani atanifundisha fizikia? Baba anajua suruali za jumla tu.

Tatizo: Kaka ni mpole mno. Akitajiwa bei kwenye soko la nguo la Shahe, analipa na kusema ahsante. Mimi nimekulia kwenye maduka yale nikimfuata Baba. Nimeamua kumwandaa. Hajaniomba. Nimemsamehe.

Jumanne, 12 Mei

Mazoezi sebuleni. Mimi Profesa. Nikamwambia kazi ni ya miaka miwili. Akakubali kabla sijamaliza! Nikamkemea. Neno la kwanza la laoban, mwenye duka, halikubaliwi hata siku moja. Unakunja uso, unaikosoa bidhaa, unataja lako, unaondoka polepole. Atakuita.

Kaka akauliza bidhaa hapo ni ipi. Nyota, nikasema. Akasema nyota haikosoleki. Nikamwambia aseme zinasikika kwa mbali mno.

Mama kutoka jikoni: Swalha, mwache mwenzio ale!

Jumatano, 13 Mei

Lusajo kaja. Wa Tukuyu, mstaarabu, naye anaitaka kazi ileile. Suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Kaleta maandazi ili wajisomee pamoja. Adui anayeleta maandazi!

Nikamsindikiza na kumpa ushauri wa kumwangusha: akubali chochote, papo hapo, na ashukuru kwa mikono miwili. Akaniita mdogo wake mwenye hekima. Nilimwonea huruma. Maandazi tulikula.

Alhamisi, 14 Mei

Nilikaa nje ya ofisi na Lusajo aliyengoja zamu yake, mlango wa kioo ukiwa wazi kidogo. Profesa Lin alisema amependezwa na Kaka. Miaka miwili, karibu sana. Kaka akanitazama. Nikakunja uso. Akasema, kwa sauti ya mgonjwa, kwamba nyota zenyewe zinasikika kwa mbali mno, labda iwe miaka mitatu. Profesa akamweleza kwamba ziko mbali.

Kaka akabeba mkoba, akatoka polepole, vizuri kabisa. Tukafika kwenye lifti. Tukangoja kuitwa. Lifti ikaja, tukaiacha. Ikaja tena. Mlango ukafunguliwa nyuma yetu! Profesa akamwita Lusajo.

Lusajo kashukuru kwa mikono miwili. Kapata. Profesa alipotukuta bado tumesimama, akatubonyezea kitufe.

Nyumbani Kaka hakula. Baba akamtafutia sanduku kubwa.

Ijumaa, 15 Mei

Ujumbe wa Profesa! Hakuelewa kwa nini Kaka aliondoka. Ipo nafasi nyingine, mwaka mmoja. Jibu kabla ya saa nane mchana. Aliyemsemea ni Lusajo. Sijui anatafuta nini.

Kaka alikaribia kulia. Alikuwa anachelewa msikitini, simu imezima. Akaniachia niichaji, akaniagiza nitume neno moja tu: nakubali.

Masikini. Haoni kwamba tumeitwa! Dawa imefanya kazi, ila imechelewa siku moja. Na anayekuita ndiye mwenye shida. Nimemjibu Profesa kwa heshima: mwaka mmoja ni mdogo sana, tufanye minne, la sivyo tunaendelea kutembea.

Sasa ni saa nane na nusu. Kaka anapanda ngazi akipiga mluzi. Sijawahi kumsikia akipiga mluzi.

Profesa hajajibu. Anapiga hesabu.