Majirani wa Kukodi

Jumatatu, 14 Julai

Siku yangu imefika! Baba mkwe, Mzee Simeoni, anahamia Singida mjini kwa mwanawe mkubwa. Nyumba yake ya hapa Itigi amenikabidhi mimi niitafutie mnunuzi. Mimi, si Evodia! Ila amesema Jumapili ikifika sina mnunuzi, anampa Evodia. Kasema mbele ya mke wangu. Redempta akaitikia upesi mno.

Evodia ni dalali mwenzangu. Hana kibao barabarani, hana kadi za jina, hana miwani ya jua. Mimi vyote ninavyo. Hata hivyo watu wanashuka kwenye treni wakimuulizia yeye. Sielewi kwa nini. Au naelewa, ila sipendi.

Nyumba ni nzuri. Bati jipya, kisima uani, mpapai unaozaa. Ina kasoro moja tu, nayo ina miguu: jirani, Mzee Philipo. Baba mkwe aliwahi kuleta wanunuzi mwenyewe. Philipo akachungulia juu ya ukuta akawaambia darini kuna nyoka. Wakaondoka bila kuaga. Nyoka hakuna. Nimepanda kuangalia. (Nimeteguka kifundo cha mguu wakati wa kushuka.)

Jumanne, 15 Julai

Mnunuzi! Mama Asnath, muuguzi mstaafu wa Manyoni. Anatafuta nyumba ya kuishi na mama yake mzazi, Bibi Raheli, ambaye tangu afiwe na mumewe hasemi zaidi ya maneno mawili kwa siku. Nikaanza kusifia bati. Nikasifia madirisha. Akanikatiza.

"Baba, nyumba mbovu nitaitengeneza. Jirani mbovu nitamtengenezaje?"

Nikamwambia majirani wa pale ni malaika. Tukakubaliana aje Ijumaa.

Mchana nikaenda kumpeleleza Evodia. Nilijibanza kwenye mashine ya kusaga, ng'ambo ya kibanda anapokaa. Alikuwa na mtu na mkewe, vijana. Chai imemiminwa. Hakutaja nyumba hata moja! Aliwauliza nani huamka kwanza asubuhi. Aliwauliza ndugu wakija wanalala wapi. Aliuliza mtoto anapenda kuchezea wapi, na mtoto akajibu mwenyewe. Kisha wakamtajia nyumba waliyoisikia, nzuri, ya bei, na Evodia akawakatalia! Kasema jua la alasiri linapiga moja kwa moja chumba cha kulala, na mtoto ana pumu, na barabara ile kipindi hiki ni vumbi tupu. Dalali anamfukuza mteja kwenye nyumba ya bei! Wale watu walimtazama kama mtu anavyomtazama shangazi yake.

Upepo ukageuka, unga wote ukanijia mimi. Evodia hata hakugeuza shingo.

"Kaka Paschal, unga umekuzidi. Njoo unawe."

Nikanawa. Chai yake ina tangawizi. Tamu, kwa bahati mbaya.

Jumatano, 16 Julai

Nimepata mpango usiku usingizini. Kama jirani ni mbaya, badili jirani!

Nimekwenda kwa Chediel, kinyozi wa nyuma ya soko, na mkewe Eliana. Watu wa taratibu sana. Nimewaomba Ijumaa wakae barazani kwa Mzee Philipo kama wenyeji, wamenye karanga, wasalimie wageni. Malipo ni asali, ndoo ndogo. Chediel akauliza kama huo si uongo. Nikamwambia ni kama pazia. Mtu akiweka pazia amedanganya? Akafikiri sana. Eliana akasema pazia halimenyi karanga.

Wamekubali, nadhani kwa kunihurumia.

Philipo mwenyewe nimemtumia ujumbe kwamba Ijumaa kuna mzigo wake stesheni. Asubiri hapo hapo, asiondoke.

Ijumaa, 18 Julai

Niandike upesi kabla ya kufa kwa aibu.

Asubuhi mambo yalikuwa mazuri mno. Philipo kaondoka na toroli la kubebea mzigo. Chediel na Eliana wakakaa barazani kwake. Mama Asnath akafika amemshika Bibi Raheli mkono. Nikaanza na bati. Hakuna aliyenisikiliza, kwa sababu Chediel alikuwa ameshainuka.

"Shikamoo bibi," akasema, akamletea kiti kivulini, akageuza mgongo wa kiti upepo usimpige. Hayo sikumfundisha! Akamuuliza kwao. Bibi akasema Ulemo. Chediel akapiga kofi: kumbe na yeye mama yake katoka huko huko. Wakaanza Kinyiramba. Mimi ni Mnyaturu, niliambulia vicheko tu. Bibi Raheli alicheka! Alisema, akaendelea kusema, akashika mkono wa Eliana na kumuonyesha namna ya kumenya karanga bila kuumiza kidole. Mama Asnath akasimama mlangoni ameshika mtandio wake, machozi yanamtoka. Kwa muda fulani na mimi nilisahau kwamba pale si kwao.

Mama Asnath akanigeukia akasema anachukua. Hata vyumba hajaviona. Kasema hawa ndio nyumba.

Ndipo toroli likasikika. Tupu.

"Nani kakalia kiti changu?" Philipo alinguruma hadi kuku wakakimbia.

Nilimkonyeza Chediel. Nilimkonyeza kwa macho yote mawili. Lakini Chediel hajui kusema uongo mtu akimuuliza uso kwa uso. Akainuka, akavua kofia.

"Shikamoo mzee. Kaka Paschal ametuambia leo sisi ni wewe."

Mama Asnath akanitazama kama alivyokuwa akitazama kidonda enzi za kazi. Hakunitukana. Ni afadhali angenitukana. Alimchukua mama yake, na Bibi Raheli akawa anageuka nyuma kumtafuta Eliana mpaka walipokata kona.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeshinda ndani. Redempta kaniletea habari, nami nikatoka kuhakikisha, kwa mbali.

Mama Asnath amekwenda kwa Evodia. Amemweleza yote. Evodia hakunicheka (nimeuliza). Alisema tu, basi tuwafuate walipo. Akampeleka nyuma ya soko, kwa Chediel na Eliana. Ubavuni mwao kuna nyumba ndogo ambayo mwenyewe anataka kuuza, ila mimi niliidharau siku zote kwa sababu haina vigae. Kabla ya kuingia, Evodia alimuonyesha ufa ulioko kwenye ukuta wa nyuma. Fundi kashamuita, yuko pale anaeleza unavyozibwa. Watoto wa muuzaji amewakusanya wote waseme wenyewe kama wameridhia. Mwenyekiti wa mtaa kaja kuonyesha mipaka. Halafu Evodia akawaacha wakae uani mpaka jioni, wasikie mtaa unavyosikika, yeye akaondoka zake! Aliwaacha wateja peke yao! Mimi ningeona nimewatupa. Niliporudi kuchungulia, Bibi Raheli alikuwa anamwelekeza Chediel namna ya kunyoa. Nasema kweli, moyo wangu ulilainika. Evodia anajua kazi.

Lakini sikiliza hili! Kutoka hapo alikwenda kwa Mzee Philipo. Hakuna mtu huenda kwa Philipo kwa hiari. Akamsalimia, akakaa, akamuuliza kwa nini anafukuza wanunuzi. Philipo akasema ile nyumba anaitaka yeye, kwa ajili ya binti yake anayerudi na wajukuu. Hakutaka iende kwa mgeni. Evodia akashangaa kwa nini hakumwambia Mzee Simeoni. Philipo kajibu hawasemeshani, na madalali huja na maneno yao, hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mnunuzi alikuwa ukutani wakati wote! Ndiye niliyempeleka stesheni na toroli!

Jumapili, 20 Julai

Baba mkwe amechinja jogoo, nyumba anaichukua Philipo. Philipo amekuja, wakasalimiana kwa shida, kisha vizuri. Evodia akakaribishwa kiti cha heshima. Nilimpa pongezi mbele ya watu wote, na zilitoka moyoni. Alistahili.

Baada ya kula akaniita pembeni. Kasema kama napenda nitembee naye wiki hii nijifunze. Kasema, "Mdomo unao, kaka Paschal, tena mzuri. Ulichokosa ni masikio."

Masikio! Kichwa changu kikafunguka kama dirisha. Kumbe siri ndiyo hiyo! Nimemshukuru sana, nikamwambia nimeelewa, sina haja ya kumsumbua.

Kesho mwalimu mgeni na mkewe wanakuja kuangalia nyumba karibu na misheni. Chini ya dirisha la sebuleni kuna tangi la maji, tupu. Nitawapa funguo, niwaambie nina udhuru, kisha nizunguke nyuma niingie mle na kusikiliza kila wanachokisema. Mfuniko unafungika vizuri.

Redempta anauliza kwa nini najipima mabega kwa kamba. Nimemwambia ni mambo ya kitaalamu.