Ombi la Kumhamishia Binti Yangu Chumba cha Plasta

Kwa Mheshimiwa Muuguzi Mkuu,
Chumba cha Dharura.

Mama, kwa heshima zote, na samahani kwa mwandiko. Mimi ni mama wa yule muuguzi wako mwembamba, anayetembea kama kachelewa. Shule niliishia darasa la nne, lakini kulalamika hakuhitaji cheti. Tangu mumfundishe dalili za mshtuko wa moyo, nyumbani kwangu hapakaliki. Naomba umhamishie chumba cha plasta. Mguu ukivunjika kila mtu anauona, hakuna haja ya kumkodolea mtu macho akila.

Sababu zangu ni hizi:

1. Shangazi yake alikula maharage, akajaa gesi, akashika kifua. Kwa watu wengine hapo mtu anacheua, basi. Binti akamkalisha, akamtafunisha aspirini, akaita gari la wagonjwa likaja na king'ora. Mkamfunga nyaya, mkamtoa damu mara mbili, mkasema ni gesi. Sasa wifi yangu anazunguka mtaa mzima akisema moyo wake umekaguliwa na serikali. Vile vibandiko vya kifuani hajavibandua. Anavionyesha wageni.

2. Kuna kijana alikuja kujitambulisha. Jasho linamtoka, mikono inatetemeka, pumzi juu juu. Mama yeyote anajua hayo ni mapenzi. Binti akamuuliza, "Maumivu yanapanda kwenye taya?" akamshika kiganja huku anatazama saa. Mimi nilidhani wameshikana mikono, nikakimbilia jikoni kuweka chai. Niliporudi, kijana hayupo.

3. Baba yake haruhusiwi hata kujinyoosha. Akigusa bega tu: "Baba, maumivu ni ngapi, sifuri mpaka kumi?" Siku hizi mzee anajibu "sifuri" kabla hajaulizwa. Juzi nilimuuliza sukari vijiko vingapi, akanywa chai chungu.

4. Hili ndilo kubwa, na ni langu mwenyewe. Binti anasema sisi wanawake mara nyingi hatushiki kifua kama kwenye sinema. Tunachoka tu, roho inachafuka, mgongo na taya vinauma. Sasa mama gani hachoki? Ndiyo maana nimegeuka mwizi ndani ya nyumba yangu. Tangu jana nikipanda ngazi za mlangoni nasimama mara mbili, nasingizia natafuta ufunguo. Asubuhi hii nimetapika bomba likiwa wazi ili asisikie. Hata sasa mkono wa kushoto unauma mpaka kwenye taya, wakati naandika kwa wa kulia! Karatasi inalowa jasho, na leo ni mawingu matupu. Je, ni haki mtu augue kwa kujificha kama anaiba sukari?

Ikishindikana plasta, basi mfundisheni kusahau. Kujifunza kulimchukua miezi sita, kusahau nadhani wiki inatosha.

Nisalimie daktari, mlinzi wa getini, na yule mama wa kudeki aliyenipa kiti siku ya gesi ya wifi. Waambie wote nawaombea, hata wewe ninayekushtakia.

Ni mimi,
mama wa muuguzi wako.

Nyongeza: Barua zangu zote binti huzisahihisha kabla hazijatoka, maana herufi zangu hupandana. Nikampa na hii, nimesahau kwamba ni ya kumshtaki yeye. Namba moja alicheka. Ya pili akanuna. Ya nne hakusahihisha hata nukta. "Mama, usinyanyuke hapo." Nami nikatafuna aspirini, chungu kweli. Hii naimalizia kitanda cha tatu, mbele ya meza yako, na zile nyaya ninazo mimi. Daktari anasema mshipa ulikuwa karibu kuziba kabisa. Plasta mpeleke mwingine, huyu asiguswe. Yule kijana akipita hapo, mwambieni arudi na jasho lake lote. Baba yake amesimama kando ya kitanda. Hakuna aliyemuuliza kitu, lakini amesema kumi.