Vibao Vilivyopanda Ndege

Nakshi hakuwa na kazi, ila alikuwa na mdomo, na mdomo wake haukuwahi kwenda likizo. Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu hakuweza kusema jambo likabaki lilivyo, lazima alipambe. Ukimuuliza saa ngapi, atakueleza kwanza saa hiyo ya mkononi ilikuwa ya nani.

Asubuhi moja dada yake, mkunga asiyependa mzaha, alimtuma gereji akachukue gari lake lililokuwa likibadilishwa breki. Pale akamkuta bwana mmoja mwenye viatu vyeupe, aliyerudi likizo kutoka ng'ambo, akimbembeleza fundi kama mtu anayeposa.

"Nakuomba, fundi. Hicho tu."

Alichokuwa akikiomba ni kibao cha namba cha zamani, kile cha bati jeusi chenye herufi nyeupe, cha enzi zile kabla vibao havijabadilishwa. Fundi alikuwa amekipigilia kwenye mlango wa choo kuziba tundu.

"Utakifanyia nini?"

"Nitakitundika sebuleni. Marehemu baba alikuwa na gari lenye kibao kama hiki. Nikikitazama nitamsikia akipiga honi getini."

Akalipa bila kuomba apunguziwe. Akakifuta kile kibao kwa leso, akakilaza begini katikati ya mashati, na choo cha fundi kikabaki na dirisha.

Nakshi alisimama pale, mkono kifuani, kama mtu aliyepata wito.

Ndani ya wiki mbili alikuwa amezunguka magereji na viwanja vya mikweche, akakusanya vibao kumi na viwili. Akapanga meza mbele ya nyumba ya wageni iliyo karibu na uwanja wa ndege. Huko ndiko watu wa ng'ambo walikolala siku yao ya mwisho nyumbani, mioyo ikiwa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Na Nakshi hakuuza bati, aliuza kumbukumbu.

"Mzee wako aliendesha gari gani, kaka?"

Kama mzee aliendesha lori, kibao kilikuwa cha lori. Akiwa daktari, kibao kilekile kilikuwa cha gari la wagonjwa. Hata wale ambao baba zao walitembea kwa miguu maisha yao yote walikumbushwa lifti ambayo mzee aliwahi kupewa.

Tatizo lilikuwa moja: mali ilikuwa inakwisha. Hapo ndipo alipoingia Shemeji, mume wa dada.

Shemeji alikuwa mkaguzi wa tiketi za mabasi mpaka alipopunguzwa kazini, lakini sare hakuirudisha. Alikuwa mrefu, mchache wa maneno, mwenye uso wa sheria. Kazi yake ilikuwa nyepesi. Mteja akitoka na mizigo kwenda kupanda ndege, Shemeji anajitokeza, anakohoa mara moja, anauliza, "Humo ndani hamna kibao cha namba?"

Hakuna aliyejua kama kusafiri na kibao cha zamani ni kosa. Nakshi mwenyewe hakujua. Kutojua huko ndiko kulikokuwa mtaji. Mtu anayesubiriwa na ndege hana muda wa kwenda kuuliza. Alifungua begi, akatoa kibao, na mara nyingi akamshukuru Shemeji kwa huruma yake. Mchana kibao kilikuwa mezani tena. Kimoja kiliuzwa mara kumi na nne, na kwa heshima zote tuseme kilipanda cheo: kilianza kama cha gari la mkate, kikaishia kuwa cha gari la jaji.

Mambo yakaenda hivyo karibu mwaka mzima, dada akiamini mumewe amepata kazi ya usalama wa mizigo.

Siku moja akaja mama wa makamo, miwani minene, mwenye duka la kufua nguo huko ng'ambo. Alivipitia vibao kimoja kimoja kama anayetafuta doa. Alipofika cha nne, akakaa palepale kwenye ngazi.

"Hiki," akasema, sauti ikikatika, "ni cha lori la baba yetu."

Nakshi hakuwahi kusaidiwa kazi kiasi hicho. Akachuchumaa kando yake. "Mama, nilijua. Tangu nikipate sina amani. Kilikuwa kinakungoja."

"Kweli, mwanangu?"

"Kilikuwa kinaninyima usingizi."

"Basi nitavichukua vyote. Nikikiondoa hiki peke yake, vingine vitaona upweke. Ila sina fedha ya kutosha mkononi." Akavua bangili nzito, ya manjano, yenye kung'aa. "Hii dhahabu ilikuwa ya bibi yangu. Inatosha?"

Nakshi akalia machozi ya kweli, ingawa sababu yake na ya mama hazikufanana.

Kesho yake saa nne asubuhi, Nakshi aliegesha gari la dada kwenye kona, nyuma ya ua wa nyumba ya wageni. Shemeji akaweka kofia sawa, akaingia sebuleni. Mama alikuwa ameketi, begi jekundu miguuni. Mlangoni alisimama dereva wa teksi yake, bwana mkimya aliyekuwa akichokonoa meno kwa kijiti.

Shemeji akakohoa. "Humo ndani hamna kibao cha namba?"

"Vimo kumi na viwili!" akajibu mama, akasimama kwa furaha. "Afadhali umekuja. Dhambi hii imenilemea. Keti nikuandikie maelezo yangu."

"Si lazima, mama. Vitoe tu."

"Nani kasema si lazima? Wewe ni mtu wa serikali au mtu wa mchezo?"

Shemeji akaketi. Chai ikaletwa. Mama akaandika, na kila aya aliisoma kwa sauti, kuanzia mwaka aliozaliwa. Dereva alichoka kusubiri, akatoka kunyoosha miguu.

Kule garini Nakshi alingoja dakika kumi, kisha ishirini. Wasiwasi ulipomzidi akashuka, akanyata, akapiga magoti katikati ya maua chini ya dirisha la sebule. Mama alikuwa amefika darasa la tatu.

"'Nikaanguka mtihani wa hesabu.' Hesabu ina s moja au mbili?"

"Moja, mama," akajibu Shemeji kwa sauti ya mfungwa.

Kurasa nne, na Shemeji akatia sahihi kila moja. Mwishowe mama akamsukumia begi jekundu. "Lichukue zima. Sitaki hata kuliona." Akaingia kwenye teksi na begi lake jingine, la bluu, akapunga mkono mpaka akapotea.

Begi lilikuwa zito. Walilibeba mpaka kwenye gari wakicheka, wakavunja kufuli. Ndani mlikuwa na matofali mawili yaliyofungwa kwa taulo za nyumba ya wageni, na barua. Shemeji akaisoma.

"Kwenu wakaguzi. Miezi sita iliyopita mlimuuzia mdogo wangu kibao, mkamdanganya kwamba ni cha lori la baba. Kwa bahati yenu mbaya kilikuwa cha lori la baba kweli. Namba ile tuliikariri tukiwa watoto. Kisha mkamnyang'anya mlangoni, akasafiri analia. Niliwaandikia wahusika wakanijibu hawana mkaguzi wa namna hiyo. Nimekuja kukichukua. Vile kumi na kimoja ni faini. Vingine viwili ni vya kuwakumbuka ninyi; mkisoma haya, mpwa wangu wa teksi atakuwa amevifungua kwa uangalifu. Bangili ni ya shaba, lakini Nakshi akiisimulia itakuwa dhahabu. Taulo mzirudishe."

"Viwili vipi?" akauliza Shemeji.

Wakatazamana. Wakazunguka mbele ya gari: patupu. Wakazunguka nyuma: patupu.

Na dada alilihitaji gari saa nane, aende zamu. Wakaliendesha polepole kwa vichochoro, na kwenye kichochoro cha tatu alisimama askari wa kike wa usalama barabarani.

"Vibao viko wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusema, Nakshi alitoa kweli tupu, bila pambo. "Vimepanda ndege, afande. Mama mmoja mwenye miwani amevisafirisha ng'ambo begini, kama ukumbusho."

Askari akamtazama kwa huruma. "Jaribu tena."

"Naapa ni kweli!"

"Na huyu mwenye sare?"

"Ni mkaguzi."

"Wa nini?"

Shemeji, kwa mazoea, akakohoa.

Dada akaitwa kituoni. Alisikiliza kisa chote mara mbili, akacheka mpaka askari akamletea maji. Kisha akaacha kucheka ghafla, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Vibao vipya vilichukua wiki tatu kutoka, na wiki zote hizo Nakshi na Shemeji walimsindikiza kazini kwa miguu, mmoja kabeba mkoba, mwingine kashika mwavuli. Taulo walizirudisha zikiwa zimefuliwa na kupigwa pasi.

Miezi miwili baadaye dereva wa teksi alimletea dada bahasha. Ndani mlikuwa na picha: sebule ya ng'ambo, mama na mdogo wake wamekumbatiana, wanacheka. Ukutani, kibao cha lori katikati, na vibao vya gari la dada vimekilinda kushoto na kulia.

Dada akaitia picha kwenye fremu, akaitundika sebuleni. Nakshi akaeleza kwa maneno matamu kwamba pale ukutani unyevu utaiharibu, na kwamba mahali pake hasa ni kabatini.

Dada akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaichukua nyundo, akaongeza msumari wa pili.