Vyuma Visivyoshika Bakteria

Muhire wa Gitega hakuwa mwizi. Wezi huvunja milango. Yeye alifunguliwa, akaulizwa chai atakunywa na maziwa au kavu.

Asubuhi hiyo alikuwa kwenye benchi la kliniki moja ya Kacyiru, mjini Kigali. Alikuwa amemleta jirani yake Usumani, fundi cherehani aliyegongwa na gari akavunjika muundi. Ndipo akamsikia mwenye kliniki, Silvère, akifoka kwenye simu: "Chuma cha mfupa kwa bei ya ng'ombe? Eti kwa sababu hakina bakteria!"

Muhire aliacha kusinzia.

Siku ya tatu akarudi na suti ya kuazima na vifurushi ishirini. Ndani mlikuwa na mabamba na skrubu za mchomelea mageti, zimepigwa msasa zikang'aa. Juu, kila kifurushi kilifungwa utepe wenye mistari, ule ambao mistari yake hugeuka myeusi ukishapita kwenye mtungi wa mvuke, kuonyesha vifaa vimepikwa vikaiva. Ya Muhire haikupikwa popote. Aliichora kwa kalamu ya wino, tena kwa rula, maana alikuwa mtu wa kujiheshimu.

"Vimepakwa maji ya fedha, bosi. Bakteria akikanyaga, anateleza. Hata usipochemsha, iko sawa."

"Hata sabuni?"

"Sabuni ya nini? Wanunulie watoto biskuti."

Silvère, ambaye ankara zake ziliandikwa "chuma cha Ujerumani" tangu siku ya kufungua, akatoa bahasha nene. Wenye tamaa hawaombi stakabadhi. "Tutaanza leo leo," akasema, "na yule mshonaji. Usumani."

Usumani akapita kichwani mwa Muhire mara moja tu, akaombwa apishe njia. Kila kitu hujaribiwa kwanza kwenye mguu wa maskini. Hilo si jipya Kigali wala kwingineko. Bahasha ikaingia kwenye koti.

Akaitwa Illuminée, muuguzi aliyechemsha vifaa miaka ishirini. Akasugua utepe kwa pamba yenye spiriti. Pamba ikatoka nyeusi. Muhire akasubiri kuitwa mwizi.

"Yesu wangu," mama huyo akasema taratibu. "Wako wengi hivi?"

"Akina nani?" Silvère akauliza.

"Bakteria, bosi. Ona walivyo weusi."

Ule ulikuwa wino. Duniani hapakuwa na mtu aliyelijua hilo vizuri kuliko Muhire. Lakini akisema ni wino, ataulizwa nani alichora.

"Lete mikono, mwanangu. Mkwaruzo huu?"

"Ni... kopo."

"Basi wameshaingia. Hawa wakishika chuma wanajijengea utando, wanajifungia humo. Dawa inapiga hodi mpaka inachoka, mwisho mguu unakatwa."

Weusi wa bakteria ulikuwa uongo. Habari ya utando ilikuwa kweli tupu. Muhire aliijua sana kanuni hiyo, kwamba uongo mzuri huchanganywa na ukweli. Hakuwahi kuionja akiwa upande wa kunyweshwa.

"Na mkono?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mkono ni rahisi. Ni mwembamba."

"Msugueni!" Silvère akapiga kelele, mgongo ukutani. "Vifurushi vyote vikafukiwe! Nguo zake zichemshwe!"

"Koti lina bahasha!" Muhire akalia.

"Si ndiyo uliyoshika kwa mkono huo?" Illuminée akamgeukia mwenye kliniki. "Au nikurudishie wewe, bosi?"

Silvère akaficha mikono nyuma. "Siitaki! Ipeleke nayo ikafukiwe!"

Ikapelekwa. Muhire akasuguliwa kwa brashi hadi viwiko, akafungiwa siku mbili peke yake, ndani ya gauni la wagonjwa lililo wazi nyuma. Jioni hiyo Usumani akawekewa chuma halisi, kilichonunuliwa mjini kwa muuzaji mwenye leseni. Silvère hakuuliza kimetoka wapi. Alikuwa bado ananawa.

Siku ya kutoka, Muhire akapewa suti, imesinyaa kwa kuchemshwa, imeruka juu ya vifundo vya miguu. Mifuko ilikuwa mitupu. Akamtazama Illuminée, na Illuminée akamwonyesha kwa kidevu mguu wa Usumani.

"Jirani!" Usumani akamwita kutoka kitandani. "Nasikia kuna mtu kanilipia chuma, Mungu amzidishie! Wewe unayejua watu, unamjua?"

Muhire akavuta mikono ya koti, ikagoma kushuka.

"Kwa mbali," akasema.