Kigoda Kimoja, Wazee Wawili

Jumatatu, 3 Machi
Nimetazama video kumi na moja za nyimbo za asili kwenye simu ya binti yangu. Mimi niliyeishia darasa la nne nimegundua kuwa zote ni moja. Mawingu kwanza. Kisha nyayo zinazotimua vumbi, polepole, kama zinakanyaga asali. Kisha akina mama na vyungu vichwani. Vitupu, maana hakuna anayelowa. Mwimbaji anaonyesha kilima kwa kidole. Kilimani hakuna kitu. Na lazima awepo mzee kwenye kigoda, hafanyi lolote. Anaonyeshwa mara tatu.

Shemeji, mdogo wa marehemu mke wangu, anapiga video ya kikundi chao. Sauti inayoongoza ni ya marehemu, ilirekodiwa kabla hajatuacha. Nataka kuwemo pale sauti yake inapopita. Basi. Kigoda kapewa jirani yangu, fundi cherehani. Shemeji kasema fundi ana ndevu nyeupe, mimi nina kidevu kama yai.

Jumatano, 5 Machi
Nimemtembelea fundi. Nikamuuliza kama amewahi kuona yule mzee wa kigoda akisemeshwa. Akasema hapana. Akipewa hata maji? Akaacha kukanyaga cherehani. Nikamweleza kwa upole, kama daktari, kwamba yule huwa ni mzimu, na anayemwigiza hamalizi mwaka. Akasema mimi ni mwongo tangu utotoni. Lakini uzi ulimshinda kutunga sindanoni.

Jioni Shemeji kaja kulalamika kwamba fundi kaumwa mgongo ghafla. Nikampa pole.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekikalia kigoda, mzee mwingine hakupatikana. Mpiga picha akaagiza nitazame mbali, nisitikisike. Mbali kulikuwa na choo cha jirani. Nikakitazama kwa heshima. Kisha wakafungulia spika.

Miaka minne sijaisikia sauti yake. Ni ile ile, na ile pumzi kabla ya kiitikio, aliyokuwa akiivuta jikoni kabla ya kunigombeza. Miguu ikasimama yenyewe. Nikaitikia, kama zamani nikimmenyea viazi. Mpiga picha akasema, Mzee wangu, kaa basi. Tukarudia. Nikasimama tena. Mara sita. Shemeji akanifukuza, naye anafuta macho.

Jumapili, 16 Machi
Video imetoka. Simo hata ukucha. Kigoda kimo, kitupu, mara tatu. Watu wanasema ni kiti cha marehemu, na kwamba aliyewaza hivyo ana akili sana. Fundi amelia mpaka kalowesha suruali ya mteja. Binti yangu kairudia video, kichwa begani kwangu. Nikaitikia. Kwenye kochi hakuna wa kunifukuza.

Hapo ningetulia. Lakini Ijumaa wanapiga wimbo wa pili, na marehemu anaimba humo pia. Nimetazama video nyingine tisa. Zote zina mzee anayechungulia mlangoni. Mlango ni mmoja, kapewa fundi. Kesho asubuhi nitampitia, nimweleze yaliyowapata wachunguliaji.